Wakidonoana Vifaranga, Tusidonoane Sisi

Hotuba hii ilitolewa na mfanyakazi wa maendeleo ya jamii katika siku ya mafunzo ya vikundi vya kujisaidia vinavyofuga kuku. Tunaichapisha kwa sababu wengi waliokuwapo waliomba waipate kwa maandishi. Isomeni pamoja kikundini, mmoja akisoma kwa sauti, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

 

Haya. Leo sikuja na mambo mengi. Nimekuja na jambo moja tu. Unaamka asubuhi, unafungua mlango wa nyumba ya vifaranga, unakuta mmoja amelala chini. Mgongo hauna manyoya, mkia ni damu tupu, na wenzake wamemzunguka wanamdonoa kama watu walio kwa karamu. Jana jioni alikuwa mzima. Nani hapa ameona jambo hilo? Inueni mikono.

(Karibu nusu ya waliokuwapo waliinua mikono.)

Na mlifanya nini? Mama mmoja anasema alipaka pilipili. Mwingine anasema aliwakata midomo kwa wembe. Mzee yule anasema alipaka oili chafu ya gari. Na huyu mama wa hapa mbele amesema kwa sauti ndogo kwamba yeye alimshuku jirani. Ahsante mama kwa kusema ukweli. Yote nimeyaandika hapa kwa karatasi kubwa, na tutayarudia moja moja. Lakini kwanza niwape kisa. Ni kisa kinachonihusu mimi mwenyewe, na sehemu yangu si nzuri.

KIKUNDI KILICHOKARIBIA KUVUNJIKA

Kulikuwa na kikundi cha akina mama 18. Sitakitaja jina. Waliweka pesa zao za mzunguko kwa miezi mingi, wakanunua vifaranga 200 wa siku moja, wale wa kienyeji walioboreshwa. Mama mmoja mjane aliwapa stoo yake bila kodi, akakubali pia kuwa mlezi. Stoo ilikuwa na saruji chini, mabati juu, na stima. Kila mtu alifurahi.

Wiki ya kwanza walikufa 6. Hiyo si ajabu, katika safari na baridi hupotea wachache. Wiki ya pili hakuna shida. Siku ya 17 mlezi akakuta mmoja ametolewa manyoya ya mkia. Akafikiri ni panya. Siku ya 18 wawili wakafa. Kufika siku ya 24 walikuwa wamekufa 38.

Hapo maneno yakaanza. Wengine wakasema mlezi anauza vifaranga usiku na kusingizia kwamba wamekufa. Wengine wakasema ana mkono mbaya, kila anachofuga hakikai. Nikaitwa. Nilifika saa saba mchana, jua kali, nikapewa kiti chini ya mwembe na soda. Nikaelezwa shida. Na mimi bila kuingia kwa ile stoo, nikajibu kama mtaalamu: "Hao wakateni midomo." Nikafundisha kwa maneno jinsi ya kupasha kisu moto na kukata ncha. Nikaandika ripoti, nikapanda matatu, nikaenda.

Walifanya kama nilivyosema. Wengine walikatwa sana, damu ikatoka, na wenzao wakaifuata ile damu. Siku nne baadaye wengine 9 walikuwa wamekufa. Wakabaki 147. Sasa mkutano ukaitishwa, si wa kuku tena, ni wa kumtoza mlezi alipe hasara. Nilipopata habari niliona aibu. Diploma nilikuwa nayo, lakini macho sikuwa nimeyatumia. Nikarudi siku hiyo hiyo ya mkutano, na safari hii nilikataa kiti. Nikasema, twendeni kwa stoo.

TULICHOKIONA NDANI

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kupima. Tulichukua kamba na futi. Stoo ilikuwa mita 3 kwa mita 2, yaani mita 6 za mraba. Sasa sikilizeni hesabu hii na muiandike. Kifaranga mpaka afike wiki 4, katika mita moja ya mraba wakae 20, wasizidi. Kutoka wiki 4 mpaka wiki 8, mita moja ya mraba ni ya vifaranga 10. Basi stoo ile ilifaa vifaranga 120 wachanga, na 60 wakikua kidogo. Wao waliweka 200. Kifaranga akitaka kumpita mwenzake ni lazima amkanyage. Akikimbizwa hana pa kukimbilia.

Kitu cha pili, taa. Balbu kubwa ilikuwa ikiwaka mchana na usiku, kwa sababu waliambiwa vifaranga wanahitaji mwanga. Ni kweli, siku 2 au 3 za kwanza wanauhitaji ili waone maji na chakula. Baadaye mwanga mkali unawafanya wasitulie, na kila doa la damu linaonekana wazi.

Kitu cha tatu, joto. Balbu ile, tena jiko la makaa pembeni, tena mabati ya mchana. Vifaranga walikuwa wameachama midomo na kutandaza mabawa. Walikuwa na umri wa wiki 4, na bado wanapashwa moto kama wa siku moja.

Kitu cha nne, vyombo. Kulikuwa na vyombo viwili vidogo vya chakula na kimoja cha maji. Wenye nguvu walisimama hapo kutwa, wanyonge wakabaki nyuma. Anayebaki nyuma ana njaa, na mdomo wake unatafuta kitu. Kitu kilicho karibu naye ni mkia wa mwenzake.

Kitu cha tano ndicho kilichotunyamazisha wote. Nilichota chakula kwa mkono nikakiangalia. Kilikuwa cheupe. Nikauliza, hii ni mashi gani? Kimya. Mlezi akasema, "Ni ile tuliyokubaliana." Nikaomba kitabu cha minitsi. Katibu akafungua, akasoma kwa sauti: wanakikundi wote walikubaliana wanunue magunia 4 ya mashi ya vifaranga na kuchanganya na unga wa mahindi ili yawe 8, kwa sababu pesa hazikutosha. Sahihi ya mwenyekiti, sahihi ya katibu.

Mashi ya vifaranga imetengenezwa iwe na protini ya kiasi cha asilimia 18 mpaka 20. Unga wa mahindi una kama asilimia 8 au 9 tu. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata kama 13 au 14. Tena ile chumvi na madini yaliyowekwa kwa mashi umeyapunguza nusu. Kifaranga anaota manyoya, na manyoya yenyewe karibu yote ni protini. Asipoipata kwa chombo, ataitafuta kwa mwenzake.

Kisha nikamuuliza mlezi, wewe uliweka hesabu ya waliokufa? Akaingia nyumbani akatoka na daftari la mtoto wake la hesabu. Ameandika kila siku: tarehe, wangapi wamekufa, wamedonolewa wapi, na mahali alipowazika. Hakuna aliyewahi kumuuliza daftari hilo. Wanakikundi wawili wakaenda wakafukua mahali pamoja. Walikuwapo kama alivyoandika.

Mwenyekiti wa kikundi akasimama. Alisema maneno machache tu: "Hasara hii tuliiandika sisi wenyewe katika kitabu. Mama huyu hana deni." Wengine waliomba msamaha pale pale. Mmoja aliondoka na hakurudi kikundini hadi leo. Mambo hayo hayatengenezwi yote kwa siku moja.

KWA NINI KIFARANGA ANADONOA

Ndugu zangu, tukitaka kuzuia jambo, tulijue kwanza. Hebu tumwangalie kuku mama wa kienyeji kule nyuma ya nyumba. Ana vifaranga 8 au 10. Umeona wakitoana damu? Ni mara chache sana. Kwa nini? Kuku mama anawatembeza kutwa. Anaparura, anawaita, wanaparura naye. Wanadonoa mchwa, majani, punje, mchanga. Wakisikia baridi wanaingia chini ya mabawa, wakipata joto wanatoka wenyewe. Usiku giza, wanalala.

Mdomo wa kifaranga umeumbwa kudonoa kutwa. Ndiyo kazi yake, ndiyo shule yake. Wewe ukimweka juu ya saruji safi, bila takataka za kuparura, chakula kiko kwa chombo na kinakwisha kwa dakika chache, ile kazi ya kudonoa haijaisha. Inahamia kwa mwenzake. Wataalamu wa kuku wanasema hivyo hivyo: kunyofoana manyoya si ukatili, ni kutafuta chakula kulikopotea njia.

Huanza kidogo. Vifaranga wachanga hudonoana vidole vya miguu, hasa wakiwa na njaa au hawajaona chakula. Kisha ni mabawa na mkia manyoya yanapochipua, kama wiki ya pili na ya tatu. Nyoya linalochipua lina damu ndani yake. Likinyofolewa, damu inatoka, na wote wanakuja kuangalia. Mwisho ni sehemu ya haja, na hapo kifaranga hapo hapo hufa. Mmoja akianza, wengine wanajifunza kwake. Ndiyo sababu siku ya kwanza unayoona nyoya limetoka si siku ya kungoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

UKIONA DAMU, FANYA HIVI

Mmoja, mtoe aliyeumia mara moja. Umweke kwa kikapu au boksi peke yake, penye joto, na chakula na maji. Mwoshe kidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Mpake dawa ya kidonda ya rangi ya zambarau au buluu kutoka duka la agroveti. Rangi hiyo inaficha damu. Usipake dawa nyekundu, maana utakuwa umewaonyesha wapi pa kudonoa.

Pili, simama kimya robo saa uangalie. Mara nyingi kuna mmoja au wawili walioanzisha. Huyo naye mtoe, umtenge siku kadhaa.

Tatu, punguza mwanga. Tundika gunia kwa dirisha, lakini hewa ipite juu. Weka balbu ndogo. Kipimo chetu ni hiki: kifaranga aone chakula chake, lakini wewe usiweze kusoma gazeti vizuri. Usiku, kama hawahitaji joto, zima taa walale.

Nne, angalia joto. Huhitaji kipimo, vifaranga wenyewe wanasema. Wakijikusanya karibu na jiko na kulia, ni baridi. Wakikimbilia ukutani na kuachama midomo, ni moto. Wakienda wote upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika kila mahali, wengine wanakula na wengine wamelala, umefaulu. Kwa wenye kipimo, wiki ya kwanza ni kama digrii 33, kisha punguza 3 kila wiki. Kufika wiki ya 5 sehemu nyingi hawahitaji moto tena, ila kwa usiku wa baridi. Na wale wa jiko la makaa, tafadhali, acheni nafasi ya hewa. Moshi usioonekana wa makaa unaua vifaranga, unaua na watu.

Tano, wape kazi. Tandika maranda au majani makavu yaliyokatwakatwa, ya kimo cha vidole vinne, wapate kuparura. Funga fungu la sukuma wiki, mchicha au kabeji kwa kamba, ulining'inize kimo cha kichwa chao. Watalirukia kutwa. Ukiwapa majani, wape na mchanga safi kidogo, maana kuku hana meno. Kule kwetu Magharibi watu wanajua kutega mchwa kwa chungu chenye mabua na kinyesi cha ng'ombe. Mchwa wachache ni protini ya bure. Kuanzia wiki ya 3 au 4, siku ya jua, watoe nje kwa uzio mdogo ulio na kivuli, mtu akilinda mwewe.

Sita, hesabu vyombo. Kifaranga mchanga anahitaji sentimita 2 na nusu za ukingo wa chombo cha chakula, na baada ya wiki 4 anahitaji sentimita 5. Chombo cha mita moja kinacholiwa pande zote mbili kinatosha vifaranga 80 wachanga, au 40 wakikua. Maji, chombo kimoja cha lita 4 kwa vifaranga 50. Viwekwe mbalimbali, si pembe moja, ili mnyonge apate pa kwenda.

Saba, tafuta wadudu. Usiku na tochi, angalia chini ya mabawa na karibu na mkia. Chawa na utitiri wanawasha, kifaranga anajidonoa mwenyewe mpaka damu inatoka, kisha wenzake wanamsaidia vibaya. Wawekee sanduku la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu baridi wajioshe humo. Wakizidi, nenda agroveti upate dawa ya kuku, uifuate kama ilivyoandikwa.

Aliyepona mrudishe jioni giza likiingia, tena arudi pamoja na mwingine, si peke yake. Asubuhi wataamka wamezoeana. Na usichanganye vifaranga wa umri mbalimbali nyumba moja. Wakubwa watawamaliza wadogo.

Jambo moja zaidi. Kama vifaranga wanakufa bila kidonda, au wanasinzia na mabawa yameanguka, au mavi yana damu, huo ni ugonjwa. Mwite afisa wa mifugo, usipoteze siku kwa kutundika sukuma wiki.

KURUDI KWA KARATASI YETU

Sasa turudi kwa majibu yenu. Pilipili: mnapaka mmoja, kesho ni wa pili, na sababu iko pale pale. Oili chafu: inaunguza ngozi na kuharibu manyoya, iacheni. Kuna wengine huweka chumvi kwa maji. Ni kweli kukosa chumvi huleta kudonoana, lakini chumvi nyingi ni sumu kwa kifaranga. Msikisie kwa mkono. Nunueni mashi iliyo kamili, chumvi imo tayari.

Kukata midomo: hapa niseme kwa uangalifu, kwa sababu mimi ndiye niliyekosa. Wafugaji wa kuku wengi wa mayai hukata, vifaranga wakiwa na siku kama 7 mpaka 10, kwa mashine yenye chuma cha moto kinachofunga damu, na mtu aliyefundishwa. Hata hivyo mdomo una mishipa, kifaranga anasikia uchungu. Nchi nyingine zimekataza kabisa. Norway ilikataza mwaka 1974. Kwetu sisi, kuku wa kienyeji anayetoka nje kujitafutia, ukimkata mdomo umemkata jembe lake. Na ukikata bila kuongeza nafasi na chakula, umemnyamazisha anayelalamika tu. Lalamiko bado liko.

Na la jirani mwenye jicho? Mama, nakujibu kwa heshima. Kabla hujamtazama jirani, chukua kamba upime nyumba. Chukua chakula kwa kiganja ukiangalie. Hesabu vyombo. Ukimaliza hayo yote na bado huoni sababu, njoo kwangu au kwa afisa wa mifugo. Sijaona bado aliyefika mwisho wa hesabu hiyo bila kupata jibu.

KIKUNDI KILE KILIFANYA NINI

Mnataka kujua mwisho wake. Mwanakikundi mwingine alitoa jiko lake la nje, mita 3 kwa mita 3. Vifaranga 60 wakabaki kwa stoo, 87 wakaenda huko. Wakapunguza taa, wakaondoa makaa, wakatandika maranda kutoka kwa fundi seremala, wakatengeneza vyombo kwa mabati na mbao. Unga wa mahindi ukasimama siku hiyo hiyo.

Kudonoana hakukukoma usiku mmoja. Siku mbili za kwanza bado walijaribu. Wanne waliokuwa wameumia sana wakafa. Kufika siku ya sita hatukuona damu mpya. Wakabaki 143.

Lakini pesa za chakula zingetoka wapi? Wakafanya uamuzi mgumu. Wakauza 43 walio wazima kwa majirani, kwa bei ya vifaranga wa mwezi mmoja, na pesa zile zikanunua mashi ya waliobaki. Wale 100 wakakua, manyoya yakarudi. Wengine hapa mmewahi kununua mayai yao bila kujua.

Na wakaweka sheria mbili. Ya kwanza, watu wawili wa zamu huhesabu vifaranga kila jioni na kuweka sahihi kwa daftari pamoja na mlezi. Hiyo inamlinda mlezi, inakilinda kikundi. Ya pili, hawanunui kifaranga hata mmoja kabla ya kuandika hesabu yake yote.

Hesabu hiyo ni hii, ichukueni nyumbani. Kwa vifaranga 100: nafasi ni mita 5 za mraba mpaka wiki 4, na mita 10 za mraba mpaka wiki 8. Chakula, kila kifaranga hula kama kilo 2 mpaka amalize wiki 8, basi ni kilo 200, yaani magunia 4 ya kilo 50. Vyombo vya chakula vya mita moja ni 2 mwanzoni, viwe 3 baada ya wiki 4. Vyombo vya maji ni 2. Pesa za chakula chote ziwekwe kando siku ya kununua vifaranga. Kama pesa zenu zinatosha magunia 2, basi nunueni vifaranga 50. Msione haya. Kikundi kile kilikuwa na pesa za magunia 4 tangu mwanzo, yaani chakula cha vifaranga 100. Wangenunua 100, wangekuwa na 100 bila kuzika 57, na bila kumliza mama mjane.

Nikimaliza niseme hivi. Vifaranga wakibanwa, wakikosa chakula cha kutosha na kazi ya kufanya, wanamgeukia aliye karibu. Hawajui kwamba tatizo liko kwa mlango na kwa gunia. Sisi tunajua kusoma na kuhesabu. Hasara ikitupata, tufungue kwanza daftari, tufungue minitsi, tupime nyumba, kabla hatujamgeukia mwenzetu.

Sasa nipelekeni nyumba ya vifaranga wenu. Leo sitaki kiti.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Pimeni nyumba ya vifaranga wenu leo. Ni mita ngapi za mraba? Inafaa vifaranga wangapi wakiwa na wiki 3, na wangapi wakiwa na wiki 7?

2. Chakula mnachowapa ni mashi kamili au kimechanganywa? Nani alikubali kichanganywe, na kwa nini?

3. Je, mlezi wenu ana daftari? Nani mwingine huhesabu pamoja naye?

4. Kumbukeni hasara ya mwisho iliyowapata. Nani alilaumiwa? Mkiangalia sasa, sababu ilikuwa ni mtu huyo, au ni mpango wetu sote?

5. Mkinunua tena, mtanunua vifaranga wangapi? Andikeni hesabu yote kwanza, kisha mjibu.